BIM katika nyumba za apartema: kuhesabu migongano si kupatanisha kazi



Siku hizi, ukisoma CV ya kijana aliyemaliza arshitektire ao jeni sivili, hautakosa herufi tatu: BIM. Iko pale juu karibu na jina, mbele hata ya lugha anazozijua. Si mbaya, juu ni kazi ya kweli na inafaa kujifunza. Lakini kuna maneno yanayotembea pamoja na hizo herufi, na leo tunataka kuyapima: « Ukishaingiza yote katika BIM, plani zinapatana zenyewe. » Tunayasikia kwa vijana, tunayasikia kwa wenye kuuza programu, na sasa hata mwenye pesa anayetaka kujenga etaji sita za kupangisha anayarudilia. Maoni yetu ni haya: nusu ya hayo maneno ni kweli kabisa, na ile nusu ingine inaweza kuangusha mradi. Na katika nyumba za apartema njo inaangusha zaidi.

Tuanze na nusu ya kweli.

BIM si picha ya rangi ya kufurahisha kliyan. Waliosoma kwa Kifaransa wanaiita maketi ya numeriki. Ni nyumba inayojengwa kwanza ndani ya ordinateri: ukuta unajulikana kuwa ukuta, tiyo inajulikana kuwa tiyo, na kila kitu kinabeba vipimo vyake na fasi yake. Wazo lenyewe si la jana. Tangu mwaka 1975, Charles Eastman, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, aliandika juu ya kutumia ordinateri pahali pa michoro ya karatasi: unabadilisha kitu mara moja tu, na michoro yote inayokionyesha inabadilika pamoja. Leo arshitekti anatengeneza modeli yake, enjenya wa beto anatengeneza yake, na wenye maji na umeme wanatengeneza zao. Kisha zinawekwa moja juu ya ingine, na programu inaonyesha pale tiyo inapopita katikati ya putre.

Juu ya nini hii inafaa apartema kuliko vila? Juu apartema ni kazi ya kurudilia. Tuchukue mfano wa nyumba ya etaji 8, kila etaji apartema 4, kila apartema dushi 2. Hizo ni dushi 64. Katika vila, ukikosea fasi ya tualeti kwa sentimita 10, unamwita plombie, mnagombana kidogo, mnarekebisha na mchana unapita. Katika hii nyumba ingine, umeandika kosa moja na ordinateri imekunakilia mara 64. Na dushi hizo zinategemeana, juu tiyo ya maji machafu inashuka wima toka juu mpaka chini. Ukisogeza dushi ya etaji ya tatu, ya nne haina tena fasi ya kumwaga.

Tuingie katika hesabu kidogo, juu ndani ya hesabu njo tunaona thamani ya kazi. Tiyo ya tualeti ya milimita 110 haiwezi kulala sawa; inataka mteremko, tuseme sentimita 2 kwa kila metre. Kama tualeti iko metre 4 toka tiyo ya wima, mteremko peke yake unakula sentimita 8. Ongeza unene wa tiyo, sentimita 11: unataka sentimita 19 chini ya dali. Sasa kama putre inashuka sentimita 30 chini ya dali ileile na inakata ile njia, hakuna muujiza. Ao tualeti inasogea, ao putre inasogea, ao plafo inashuka, ao tiyo ya wima inapata fasi ingine. Katika karatasi, arshitekti hajaiona putre na enjenya hajaiona tualeti. Katika modeli wanaiona wote wawili, miezi mingi mbele ya siman kufika.

Bila hivyo, wote tunajua mwisho wake. Beto imekauka, plombie anafika na marto na birini, anatoboa putre, akikuta fero anaikata. Halafu enduwi inapita juu na rangi inapita juu ya enduwi. Familia inayoingia kuishi pale haitajua kamwe. Kwa sisi wa upande wa Kivu, hiyo si hadithi ya kuchekesha: tarehe 3 Februari 2008 dunia ilitikisika Bukavu na ngʼambo ya Rusizi, na kuta zikaanguka juu ya watu. Putre iliyokatwa fero inangojea siku kama ile. Basi mwenye kusema BIM ni mchezo wa Wazungu, tunamwambia hapana. Kuonyesha mapema fasi ya kila tundu katika dali na putre, peke yake, kunatosha kuhesabia haki hii kazi.

Sasa tuje kwa nusu ingine.

Ili tusiseme hewani, tuangalie nyumba moja ambayo ilikuwa na kila kitu: pesa, wataalamu wakubwa na modeli ya hali ya juu. Iko Brooklyn, New York, na jina lake ni anwani yake: 461 Dean Street. Wakati wa kuijenga iliitwa B2. Ina etaji 32 na apartema 363, na karibu nusu yao ilipangwa kwa watu wa mapato madogo na ya katikati. Arshitekti walikuwa SHoP, nyumba ya kazi inayojulikana sana kwa kutumia ordinateri. Enjenya walikuwa Arup. Mwenye mradi alikuwa Forest City Ratner. Mjenzi alikuwa Skanska. Shabaha ilikuwa kujenga apartema katika kiwanda, kipande kwa kipande. Moduli 930 za chuma, na kuta, tiyo, waya na hata vitu vya jikoni vikiwa vimeshafungwa ndani, zingetoka kiwandani Brooklyn Navy Yard na kupandishwa na gri moja juu ya ingine.

Mradi wa namna hii haufikiriki bila BIM. Tiyo ya moduli moja inapaswa kukutana na tiyo ya moduli iliyo juu yake, na hazijawahi kuonana. Kama kuna pahali ambapo ule msemo wa « plani zinapatana zenyewe » ungeonyesha ukweli wake, ni pale.

Kazi ilianza Desemba 2012, na mategemeo yalikuwa kumaliza katika miaka miwili hivi. Agosti 2014 kazi ilisimama, nyumba haijafika hata nusu ya urefu wake. Mwenye mradi na mjenzi wakapelekana mahakamani. Skanska ilisema shida iko katika dizaini yenyewe. Forest City ilisema dizaini ni nzuri, shida iko katika namna kiwanda na kazi vilivyosimamiwa. Moduli zilikuwa na shida ya kupangana sawasawa, na maji yalikuwa yanaingia. Kisha Forest City ilichukua kiwanda chote, kazi ikaanza tena mwaka 2015, na wapangaji wakaanza kuingia mwishoni mwa 2016. Apartema ziko, watu wanaishi ndani, na hatusemi nyumba ni mbaya. Lakini miaka miwili ilikuwa karibu miaka minne, na majengo mengine yaliyofuata pale jirani katika mradi uleule yalijengwa kwa njia ya kawaida.

Kuna wenzetu watasema: « Hiyo ni lawama ya moduli, si ya BIM. » Tunalijibu hili bila kuruka, juu lina uzito. Ni kweli, kiwanda kipya kilikuwa na shida zake, na wafanyakazi walikuwa wanajifunza kazi wakiifanya. Lakini kazi ya moduli inategemea sana modeli katika ile kazi ya kupatanisha. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza modeli ilibeba nini na iliacha nini.

La kwanza iliyoacha ni milimita. Katika ordinateri kila kitu kiko sawa kabisa: ukuta wa metre 3 ni metre 3. Pa shantie hakuna kitu kama hicho. Chuma kikichomelewa kinajipinda, mbao inavimba, mkono wa fundi unapotea. Njo maana enjenya anaandika toleransi, yaani milimita ngapi kazi inaweza kupotea bila kuharibu kitu. Fanyeni hesabu hii ya mfano: kama kila etaji inapotea milimita 3 tu upande uleule, ukifika etaji ya 32 umepotea zaidi ya sentimita 9. Hakuna etaji hata moja iliyofanya vibaya, na tiyo hazikutani tena. Modeli haitakwambia, kama mtu hakuiuliza. Programu inatafuta vitu vinavyogongana katika vipimo vilivyoandikwa. Haitafuti vitu vitakavyogongana katika vipimo vitakavyojengwa.

La pili ni uamuzi. Programu inasema: « Tiyo namba hii inagonga putre namba ile. » Inaishia pale. Nani anasogea? Enjenya anasema putre yake inabeba nyumba. Arshitekti anasema plafo ikishuka, apartema haitapangishwa bei nzuri. Plombie anasema maji hayapandi mlima. Wote watatu wana haki, na hakuna kifungo cha kubonyeza kwa ajili ya hilo. Lazima mtu mmoja awe na jina, na nguvu ya kusema « inasogea hii, na gharama inalipwa na fulani ». Pale Brooklyn, pande mbili zilizofanya kazi juu ya nyumba moja zilifika mbele ya hakimu kwa swali lilelile: kosa ni la mwenye kuchora ao la mwenye kujenga? Kama modeli ingekuwa na jibu, hakimu angehitajiwa kwa nini?

Hapa njo tunafika kwa ugonjwa ambao tunauona kwa vijana wetu: kuhesabu migongano. Mtu anakuja na raporti: « Nimeondoa migongano 2 000. » Inaonekana kazi kubwa. Ukifungua raporti, tiyo moja iliyochorwa vibaya katika etaji ya mfano inagonga putre ileile katika etaji 8, na programu imeihesabu mara 8, ao mara nyingi zaidi kama inagonga na plafo. Waya mwembamba unaopita ndani ya ukuta wa matofali, kitu cha kawaida kabisa, nao umehesabiwa. Mia moja ya namna hiyo haina uzito wa mgongano mmoja wa kweli wa tiyo kubwa na putre. Namba kubwa haionyeshi kwamba mmepatanisha mingi. Mara ingine inaonyesha kwamba kila mmoja alichora peke yake miezi mitatu, halafu mkaleta kazi zenu kwa ordinateri iwatenganishie, sawa vile watoto wanapigana mpaka mama anafika.

Na kibaya zaidi, mambo mingi yanayoharibu maisha ya apartema hayagongani na kitu. Robine ya kufunga maji imewekwa nyuma ya kareli: hakuna mgongano, lakini siku inavuja utavunja ukuta. Dushi ya jirani iko juu ya chumba chako cha kulala: hakuna mgongano, lakini hautalala. Mlango wa tualeti unafunguka ukitazama meza ya kula: ordinateri haina haya.

Tena modeli inachukua vitu vyake katika stoki ya vitu vilivyochorwa kwa nchi zingine. Kuziniere ya umeme, maji yanayopanda yenyewe mpaka juu, umeme usiokatika. Lete hiyo apartema Lubumbashi ao Goma. Umeme ukikatika mama anawasha mbabula, na makala inataka hewa: iko wapi barza yenye hewa ya kutosha? Maji ya bomba yasipopanda, mwenye nyumba ataweka tanki juu ya dali. Tanki la litre 5 000 likijaa ni tani 5, na yakiwa manne ni tani 20. Enjenya alihesabu dali ya kutembea tu, juu katika modeli hakuna mtu aliyechora tanki. Jenereta itakaa wapi, moshi wake unatoka wapi, na betri? Programu itasema migongano ni sifuri. Ni kweli: kitu ambacho hakikuchorwa hakiwezi kugonga kitu.

Basi tufanye nini? Hatusemi tuache BIM. Tunasema tuihukumu kwa kazi yake, na kazi yake katika apartema tunaiona hivi.

Kwanza, etaji ya mfano isinakiliwe mpaka arshitekti, enjenya na wenye maji na umeme wakae juu yake pamoja na kuweka sinyature. Njia za wima za matiyo na potò zipatanishwe mbele ya rangi ya fasadi. Ndani ya etaji moja njo mradi unaokolewa. Ukishanakilia mara 8, kila badiliko ni vita.

Pili, kila mgongano wa kweli uandikwe na uamuzi wake: nani ameamua, tarehe gani, nani analipa. Daftari ya kurasa kumi za maamuzi ina faida kuliko raporti ya kurasa mia tatu za picha nyekundu.

Tatu, modeli itoke ndani ya ordinateri. Fundi wa kofraji hana programu na hahitaji kuwa nayo. Anahitaji karatasi moja safi ya kila dali, matundu yote yakiwa na vipimo toka kwa akse, na mtu wa kupima mbele ya beto kumwagwa na kisha kumwagwa. Kile kilichopotea kirudi katika modeli, ili etaji inayofuata ijue. Na dushi moja ijengwe yote, mpaka kareli, mbele ya zile 63 zingine.

Nne, tusifungwe na bei. Kuna muundo wa fishie unaoitwa IFC, ulio wazi kwa programu zote na unaotambuliwa na ISO tangu 2013. Mmoja akichora kwa programu ya bei kubwa na mwingine kwa FreeCAD ambayo ni ya bure, bado wanaweza kuonyeshana kazi. Maofisi madogo ya etaji nne na sita hayana tena sababu ya kusema BIM ni ya watajiri tu.

Tano, modeli isife siku ya kukabidhi funguo, juu apartema inakaliwa na watu wengi ambao hawakuijenga. Uingereza ilijifunza hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulishika Grenfell Tower, nyumba ya etaji 24 London, ukapanda kupitia vifuniko vilivyoongezwa nje wakati wa matengenezo. Watu 72 walikufa. Uchunguzi wa sheria za ujenzi ulioongozwa na Judith Hackitt, uliotoka Mei 2018, ulikuta kwamba haikuwa wazi nani anabeba jukumu la nini, na ukaomba habari za nyumba zihifadhiwe kwa numeriki toka dizaini mpaka maisha ya wapangaji. Sheria ya 2022 ikalilazimisha hilo kwa nyumba za kuishi za metre 18 ao etaji 7 na kuendelea. Angalieni vizuri: hawakuomba modeli nzuri zaidi tu. Waliomba modeli yenye mtu anayeijibia.

Kwetu, nani anajua ndani ya ukuta wa nyumba anamolala kuna nini? Tiyo ikivuja toka etaji ya nne ikaharibu dari ya etaji ya tatu, wapangaji wanagombana mwezi mzima juu hakuna mtu mwenye plani ya kweli. Plani ya kwanza iko, ya kuombea ruhusa. Ile iliyojengwa iko katika kichwa cha fundi, na fundi amehamia Kolwezi.

Kwa hiyo, wadogo zetu, endeleeni kujifunza programu na kuandika zile herufi tatu katika CV. Lakini siku mkikaa mbele ya mwenye kutoa kazi na akawauliza mlifanya nini katika mradi, msimwambie mliondoa migongano mingapi. Mwambieni putre gani ilisogea, nani alikubali isogee, na mlipima namna gani kwamba imejengwa pale ilipokubaliwa. Akielewa jibu hilo, fanyeni naye kazi. Asipoelewa, muulizeni nani katika mradi wake anaamua, mbele ya kuweka sinyature.